Mnara wa Mwisho Unalipiwa na Nani?

Haya ni maelezo yaliyotolewa na ofisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao cha wakazi huko Bamba, Kaunti Ndogo ya Ganze. Tunayachapisha kwa sababu maswali yaliyoulizwa huko huulizwa pia Magarini, Kaloleni na Rabai.



Kabla sijaanza niseme jambo moja wazi, ili mtu asije akarudi nyumbani na matumaini ambayo sikumpa: sikuja na mnara mfukoni. Nimekuja na maelezo tu.

Kazi yangu ni kupeleka habari kutoka kaunti hadi kwa mwananchi na kurudisha habari za mwananchi hadi kaunti. Katika kazi hiyo kuna maswali mawili ambayo nayasikia kila ninapovuka barabara kuu ya Mombasa–Malindi na kuingia upande wa bara. La kwanza: mbona mtandao haufiki kwetu? La pili: pesa za kuuleta ziko wapi? Leo nitajibu la pili, kwa sababu jibu la kwanza limo ndani yake.

Simu si starehe tena

Zamani simu ilikuwa ya salamu na ya msiba. Leo mambo yamebadilika. M-Pesa ilianza Machi 2007, na sasa mfanyabiashara wa mbuzi katika soko hili la Bamba hatembei na noti kiunoni kama babake alivyotembea. Usajili wa bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024 unaweza kufanywa kwa kubonyeza *147# kwenye simu. Huduma nyingi za serikali zimehamia eCitizen. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne huchagua chuo kupitia intaneti. Tahadhari ya ukame, au ya mto Sabaki kufurika, inaweza kufika kwa ujumbe mfupi ndani ya dakika moja, lakini hufika tu pale palipo na mtandao.

Kila kijiji ambacho mtandao wake ni wa kubahatisha kina mahali pake pa kusimama. Kwingine ni kichuguu, kwingine ni mwembe, kwingine ni mwamba ulio juu ya shamba la mtu. Ukitaka kupiga simu unakwenda pale, unanyoosha mkono, unangoja vijiti vya mtandao vije. Mchana hilo ni jambo la kuchekesha. Usiku, mama mjamzito ameshikwa na uchungu na ambulensi inahitaji kuitwa, halichekeshi hata kidogo.

Kwa hiyo huduma zinapohamishiwa kwenye simu, aliye nje ya mtandao hakosi simu peke yake. Anakosa hospitali, anakosa benki, anakosa serikali yake. Ndiyo sababu nchi nyingi duniani ziliamua kuwa mawasiliano ya msingi yamfikie kila mtu, hata pale ambapo kumfikia hakuleti faida. Uamuzi huo unaitwa wajibu wa huduma kwa wote. Ni uamuzi mzuri. Tatizo ni kwamba una bei.

Kilichokosekana si waya

Watu hudhani tunakosa mtandao kwa sababu ya umbali. Mwaka 2009 waya wa TEAMS ulitolewa Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ukapitishwa chini ya bahari kwa takriban kilomita 5,000 hadi Mombasa. Hata hapa kwetu, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililokuwa baharini mbele ya Ngomeni, na ikatuma habari za nyota kutoka angani.

Basi kilomita 5,000 za bahari zilivukwa. Anga ilivukwa. Kwa nini kilomita 40 za vichaka zinatushinda?

Kwa sababu waya wa baharini ulikuwa na mlipaji. Upande wa pili wa waya ule kulikuwa na Mombasa, Nairobi, mabenki, mahoteli na vyuo, na mamilioni ya watu wanaonunua bando kila siku. Kilomita 40 za vichaka zina familia chache zilizotawanyika, kila boma mbali na jirani yake. Gharama ya kuwafikia ni kubwa, na matumizi yao ni madogo. Si kosa lao, na wala si kosa la hesabu. Ni hali ilivyo.

Hesabu ya mnara mmoja

Tuifanye hesabu hiyo pamoja. Nitatumia namba za mfano tu, za kurahisisha, si bei ya kampuni yoyote.

Tuseme mnara, au busta kama vijana wanavyouita, unagharimu shilingi milioni 9 kuujenga, na utadumu miaka 10. Hiyo ni shilingi 900,000 kwa mwaka. Sasa unahitaji umeme. Pasipo na nyaya za stima pana dizeli, au sola na betri. Unahitaji mlinzi, kwa sababu betri huibwa. Unahitaji kodi ya shamba ulipojengwa, fundi wa kuja unapoharibika, na njia ya kuunganisha mnara huo na minara mingine. Tuseme yote hayo ni shilingi 900,000 nyingine kwa mwaka. Jumla ni 1,800,000.

Upande wa mapato, tuseme kuna watumiaji 600, na kila mmoja anaweka shilingi 200 kwa mwezi. Lakini shilingi 200 hazifiki zote kwa kampuni. Ndani yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, kiwango kilichowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023, na juu yake VAT ya asilimia 16. Kampuni inabaki na takriban shilingi 150. Watu 600 mara shilingi 150 mara miezi 12 ni shilingi 1,080,000.

Pengo ni shilingi 720,000 kila mwaka.

Lakini ngoja kwanza, hesabu haijaisha. Kijana aliye Mtwapa akimpigia mamake kijijini, pesa inakatwa kwenye simu ya Mtwapa. Bila mnara wa kijijini, simu hiyo isingepigwa. Kwa hiyo mnara unaleta mapato ambayo hayaonekani katika matumizi ya kijiji chenyewe. Tuseme ni shilingi 220,000 kwa mwaka. Sasa pengo limeshuka hadi shilingi 500,000.

Hiyo 500,000 ndiyo gharama halisi ya wajibu. Si bei nzima ya mnara. Ni kile kinachopungua baada ya kuhesabu kila senti ambayo mnara utaingiza. Nawaomba mkumbuke tofauti hii, kwa sababu mahali pengi ndipo fedha za umma hupotea: kampuni ikidai bei nzima badala ya pengo, mwananchi analipia faida ya mtu mwingine.

Pengo hulipwaje?

Dunia imejaribu njia kadhaa. Nitataja tatu ambazo Kenya imepitia.

Njia ya kwanza ni ya zamani. Wazee hapa wanalikumbuka Shirika la Posta na Simu. Lilikuwa peke yake nchini, likiuza simu za mbali kwa bei ya juu na kutumia faida hiyo kubeba sehemu zisizolipa. Mteja wa mjini alimbeba mteja wa kijijini bila kujua. Njia hiyo ilikuwa na shida mbili: hakuna aliyejua nani anambeba nani kwa kiasi gani, na kijiji chenyewe mara nyingi hakikubebwa. Mwaka 1999 shirika lile liligawanywa, tukapata Telkom Kenya, Posta na tume ya kusimamia mawasiliano, ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kampuni za simu za mkononi zilipoanza kushindana mwaka 2000, bei zilishuka. Lakini penye ushindani huwezi kumtoza mteja wa mjini zaidi ili umbebe wa kijijini, kwa sababu wa mjini atahamia kwa mshindani wako.

Njia ya pili ni kuandika wajibu ndani ya leseni: tunakupa masafa, nawe utafika sehemu fulani kufikia mwaka fulani. Hii inafaa kwa miji na barabara kuu. Kwa vijiji vya mbali kabisa kampuni hujikokota, kwa sababu kila mwaka wa kuchelewa ni hasara iliyookolewa.

Njia ya tatu ni mfuko. Kila kampuni inachangia sehemu ndogo ya mapato yake, na mfuko unalipa pengo kule kusikolipa. Uzuri wake ni kwamba mzigo unaonekana. Unaweza kuuhesabu na kuuliza maswali.

Hazina ya Huduma kwa Wote

Kenya ilichagua njia hii ya tatu kwa sheria ya 2009 iliyorekebisha sheria ya mawasiliano. Kanuni zake zikatoka mwaka 2010. Ndipo ikazaliwa Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo wengi huijua kwa herufi USF. Inasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kuna Baraza la Ushauri linaloangalia namna inavyotumika. Mchango unaotozwa ni asilimia 0.5 ya mapato ya mwaka ya kampuni zenye leseni.

Nusu ya asilimia moja ni nini kwako wewe? Rudi kwenye shilingi 200. Kampuni ilibaki na 150. Nusu ya asilimia moja ya 150 ni senti 75. Hiyo ndiyo sehemu yako katika mnara wa mtu mwingine kila unapoweka shilingi 200. Risiti ya hazina huwezi kuiona, na anayepeleka pesa ni kampuni. Lakini zimetoka kwako wewe mteja.

Kuziba lile pengo letu la mfano la shilingi 500,000 kwa senti 75, zinahitajika kadi za shilingi 200 karibu 667,000. Ni sawa na watu 56,000 wanaonunua kila mwezi kwa mwaka mzima, ili kijiji cha watumiaji 600 kiwe na mtandao. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kinajazwa na watu wengi sana. Kwa hiyo si halali kukimwaga.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua wapi pako gizani. Mamlaka ilifanya utafiti uliotoka mwaka 2016. Ulionyesha kwamba mtandao wa kawaida wa kupiga simu ulifikia asilimia 94.4 ya Wakenya, na kwamba kata ndogo 164 hazikuwa na mtandao hata kidogo. Nyingi zilikuwa kaskazini na kaskazini mashariki mwa nchi. Awamu ya kwanza ya ujenzi ililenga kata ndogo 78, na sambamba na hayo shule za upili za umma 896 zikapangiwa kuunganishwa kwa intaneti.

Majirani na wa mbali

Hatuko peke yetu. Uganda ilitangulia, ikaanzisha mfuko wake wa mawasiliano ya vijijini mwaka 2003, kampuni zikichangia asilimia 1 ya mapato. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya 2006. Mnamo Mei 2023 huko Dodoma ilitia saini mikataba na kampuni za simu kujenga minara 758 katika kata 713, na kata za wenzetu ni kama wadi zetu. Hapo serikali ilitoa ruzuku na kampuni zikaongeza pesa zao. Hiyo ndiyo maana ya kulipia pengo badala ya kulipia mnara mzima.

Somo zuri zaidi linatoka mbali, Chile, Amerika Kusini. Katikati ya miaka ya 1990 walitangaza zabuni za simu za vijijini kwa namna ya kinyume: anayeomba ruzuku ndogo zaidi ndiye anayeshinda. Matokeo yalishangaza. Kwa baadhi ya maeneo, kampuni zilisema hazihitaji hata senti moja. Maeneo yaliyodhaniwa kuwa ya hasara yalikuwa na faida. Hakuna tu aliyekuwa amefanya hesabu. Somo ni kwamba kampuni ndiyo inayojua gharama zake, na njia ya kuifanya iseme kweli ni kuishindanisha na nyingine. Ila zabuni yenye mwombaji mmoja haina ushindani wowote, na katika sehemu za mbali sana hilo ni jambo la kawaida.

Mahali mambo hukwama

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Mifuko ya aina hii ina magonjwa yake, na mkazi anayeyajua ataweza kuuliza maswali yenye uzito.

La kwanza ni muda. Angalieni tarehe nilizozitaja: sheria 2009, kanuni 2010, utafiti 2016. Mtoto aliyezaliwa sheria ilipopita alikuwa darasani tayari kabla ramani ya giza haijachorwa. Katika nchi nyingi za Afrika, fedha za mifuko hii zimekusanywa kwa kasi kuliko zilivyotumika. Pesa iliyolala benki haiiti ambulensi.

La pili ni gharama za kila siku. Kukata utepe ni siku moja. Dizeli, mlinzi na fundi ni kila siku. Shule ikiunganishwa kwa intaneti kwa mkataba wa miaka kadhaa, siku mkataba unapokwisha bili inamgeukia mwalimu mkuu. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu mradi wowote ni hili: nani atalipa mwaka wa sita?

La tatu linatuhusu sana sisi wa Kilifi. Utafiti hupima kata ndogo kwa jumla. Kata ndogo ikiwa na mnara upande mmoja, inahesabiwa kuwa na mtandao, hata kama vijiji vilivyo bondeni havipati kitu. Kaunti yetu ilikuwa na watu 1,453,787 katika sensa ya 2019, na wengi wao wako kwenye ukanda wa pwani, kutoka Mtwapa hadi Malindi, ambako mtandao ni mzuri. Wastani wetu ukisomwa Nairobi unapendeza. Anayeishi bondeni hapigi simu kwa wastani. Na katika foleni ya kitaifa, kata ndogo isiyo na mtandao kabisa itatangulizwa mbele ya ile yenye nusu. Hilo ni haki. Lakini maana yake ni kwamba wenye nusu wasipojitokeza kujieleza, watasahaulika.

La nne, mnara peke yake hautoshi. Kuna walio chini ya mnara na hawana simu, au wanayo na hawana pa kuichaji, au bando linawashinda. Na wengi wao ni akina mama. Hesabu ya huduma kwa wote ikikoma kwenye mnara, imeishia nusu ya njia.

Kaunti iko wapi katika haya?

Nimeulizwa mara nyingi: mbona gavana asijenge minara? Katiba imegawa majukumu. Mawasiliano ya simu ni ya serikali ya kitaifa. Hazina ya USF haipitii kaunti, na kaunti haina leseni ya kurusha mtandao.

Lakini kaunti ina ufunguo wa milango kadhaa. Anayetaka kujenga mnara anahitaji kibali cha ujenzi kutoka kaunti. Anayetaka kupitisha waya kando ya barabara ya kaunti anahitaji ruhusa ya kuchimba. Vibali hivyo vina ada, na ada ni mapato ya kaunti yanayonunua dawa na kukarabati vyanzo vya maji. Wakati huohuo, kila shilingi ya ada huingia katika ile hesabu ya mnara tuliyoifanya. Penye faida kubwa, kama Watamu au Mtwapa, ada haimzuii mtu. Penye pengo, ada inaongeza pengo, na kibali kinachokaa mezani miezi mingi kinaongeza pia. Huo ni mvutano wa kweli, na mahali pa kuuzungumzia ni wakati wa ushirikishwaji wa umma kuhusu Mswada wa Fedha wa kaunti. Njooni mseme kama mngependa sehemu za bara zitozwe sawa na sehemu za ufuo, au la. Wawakilishi wenu wadi hupiga kura kwa kuwasikiliza waliojitokeza.

La kufanya mkitoka hapa

Kwanza, andikeni. Malalamiko ya "hapa hakuna mtandao" hayana mahali pa kwenda. Andikeni jina la kijiji, kata ndogo, wadi, mtandao gani unakosekana, ni nyumba ngapi, shule na zahanati zipi zimo, na mahali pa karibu panaposhika. Mpelekeeni chifu na msimamizi wa wadi. Karatasi moja ya namna hiyo ina nguvu kuliko kelele za mwaka mzima, kwa sababu inarekebisha ule wastani niliousema.

Pili, mwenye malalamiko kuhusu huduma aanze kwa kampuni yake na aweke kumbukumbu. Asiporidhika aende kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ina ofisi ya kanda ya Pwani mjini Mombasa.

Tatu, malizeni mambo ya ardhi mapema. Mahali ambapo ndugu wanagombania shamba, kampuni haingojei kesi iishe, inakwenda kwingine.

Nne, mnara ukija, ulindeni. Betri ikiibwa hapa, hesabu ya kijiji jirani nayo inaharibika, kwa sababu kampuni itaandika eneo zima kuwa la hasara.

Maswali yaliyoulizwa

Mama mmoja wa kikundi cha akiba aliuliza: "Mwanangu, umesema ndani ya shilingi 200 serikali inachukua karibu 50 za kodi, na mfuko unapata senti 75. Mbona wasichukue zaidi kwenye hizo 50 wakajenga minara?"

Mama, hilo ndilo swali ambalo wataalamu wa fedha hubishana juu yake. Zile shilingi 50 zinaingia katika kapu kuu la serikali pamoja na kodi nyingine, zinalipa walimu, madaktari na madeni. Bunge la Kitaifa ndilo lenye uwezo wa kuamua sehemu yake iende kwenye minara. Wapo wanaosema hiyo ni njia ya haki zaidi, kwa sababu kodi ya jumla hutozwa kila mtu kulingana na pato lake, lakini mchango wa simu humgusa hata maskini anayenunua bando la shilingi 20. Wengine wanasema pesa ikiingia kapu kuu, kijiji cha mbali kitakuwa cha mwisho kukumbukwa kila bajeti inapobana. Mimi nawapa hoja zote mbili. Mbunge wenu ndiye wa kuulizwa anasimama wapi.

Mzee mmoja aliuliza: "Huo mnara hautatuletea maradhi?"

Mzee wangu, mawimbi ya mnara ni ya redio. Si ya aina ya eksirei, ambayo ina nguvu ya kuharibu chembe za mwili. Kuna viwango vya kimataifa vya nguvu ya mawimbi hayo, na mnara unapaswa kuwa chini yake. Kabla ya ujenzi, NEMA hukagua athari kwa mazingira na wakazi hupewa nafasi ya kusema. Ukiona mnara unaanza kujengwa na hakuna aliyewauliza lolote, hapo mna haki ya kusimama na kuuliza.

Kijana wa bodaboda aliuliza: "Sasa sisi tutapata lini?"

Ndugu yangu, nilianza kwa kusema sikuja na mnara mfukoni, na sitautoa sasa. Tarehe nikikupa nitakuwa nimekudanganya. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wewe si mwombaji katika jambo hili. Kila ulipoweka salio, sehemu yake iliingia katika hazina ile. Umechangia minara ya watu wa Turkana na Marsabit ambao hutawaona maishani, na umefanya vyema. Sasa ni haki yako kuuliza, kwa karatasi na kwa jina la kijiji chako, zamu yenu iko wapi katika foleni.

Aliye na karatasi na kalamu tusiachane. Tuianze orodha ya vijiji hapa hapa, kabla jua halijazama.